Kufundisha Kanada ukiwa umesimama Bariadi

Kanada huingia darasani kama orodha. Ina majimbo 10 na maeneo 3 ya kaskazini, mji mkuu wake ni Ottawa, hulima ngano katika nyanda za Prairi, hukata magogo British Columbia, na ina baridi kali. Mwanafunzi hunakili hayo kutoka ubaoni, huyakariri usiku wa kuamkia mtihani, na wiki moja baadaye hana kitu. Nchini Kenya, mtaala wa 8-4-4 ulikuwa na mada za kulinganisha kilimo cha ngano na misitu ya Kenya na Kanada. Wazo lilikuwa zuri, lakini katika madarasa mengi ulinganisho huo ulibaki kuwa safu mbili za sababu za kukariri, moja ya huku na moja ya kule. Ninachotetea hapa ni kwamba mwanafunzi wa Bariadi, Itilima au Meatu, mkoani Simiyu, tayari anaishi juu ya karibu kila kipimo anachohitaji ili kuielewa nchi hiyo kubwa ya kaskazini. Udongo anaoukanyaga, mvua inayomnyeshea, ziwa lililo upande wa Busega na mwamba unaochungulia kwenye vilima vya nyumbani vinaweza kuifafanua Kanada kuliko picha yoyote ya theluji. Mwalimu anayevitumia hufundisha nchi mbili kwa wakati mmoja, na ya pili ni ile ambayo wengi wetu tunadhani tunaijua.

Tuanze na ukubwa, kwa kuwa ndipo wengi hupotea. Kanada ina kilomita za mraba zinazokaribia milioni 10, na kwa eneo hutanguliwa na Urusi peke yake. Tarakimu hiyo haimwambii kitu kijana wa miaka 15. Lakini ukimwambia kwamba Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, una kilomita za mraba zipatazo 25,000, atagawanya mwenyewe na kuona kwamba Kanada ni kama Simiyu 400. Kisha aletewe swali la watu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Simiyu watu 2,140,497 na Tanzania nzima milioni 61.7. Kanada yote ilivuka watu milioni 40 mwaka 2023. Eneo lake la Nunavut, lililoundwa rasmi tarehe 1 Aprili 1999, ni zaidi ya mara mbili ya Tanzania kwa ukubwa, ila sensa ya Kanada ya mwaka 2021 ilikuta huko watu wasiofika 37,000, waliotawanyika katika makazi 25 ambayo hayaunganishwi na barabara hata moja. Hapo mwanafunzi anaanza kuuliza la maana: kwa nini ardhi kubwa hivyo ina watu wachache hivyo? Swali hilo lina thamani kuliko jina la mji mkuu wa Nunavut, ambao ni Iqaluit.

Ramani ya ukutani nayo ina lake la kujibu. Ramani nyingi zinazoning'inia katika shule zetu zimechorwa kwa mtindo wa Mercator, uliobuniwa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, ambao huipanua ardhi kadiri inavyosogea mbali na ikweta. Kwenye latitudo ya 60 kaskazini, ambapo mpaka wa kusini wa sehemu kubwa ya maeneo ya kaskazini mwa Kanada hupita, eneo huonekana mara nne ya ukubwa wake halisi. Simiyu, iliyo karibu na ikweta, haiongezewi kitu. Kwa hiyo mtoto hukua akiamini kwamba Kanada inaizidi Afrika, ilhali Afrika ina kilomita za mraba milioni 30, yaani Kanada tatu. Dawa yake ni hesabu ndogo, ya dakika kumi, ambayo mwanafunzi akishaifanya hataitazama tena ramani yoyote bila kuuliza imechorwa kwa ajili ya nani.

Latitudo ndiyo mada ambayo walimu wengi huiona kavu, na kwa maoni yangu ndiyo yenye utamu kuliko zote, kwa sababu mwanafunzi wa Simiyu amebeba ushahidi wake katika namna anavyohesabu saa. Sisi huanza kuhesabu siku jua linapochomoza na usiku linapozama. Hesabu hiyo inawezekana kwa kuwa Bariadi iko chini kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na urefu wa mchana hapa hautofautiani kwa zaidi ya dakika 20 hivi kati ya mwezi na mwezi. Sasa mpeleke mwanafunzi Iqaluit kwa mawazo tu. Mwezi Juni mchana huko hukaribia saa 21; mwezi Desemba hauzidi sana saa 4. Kwenye kituo cha Alert, kaskazini zaidi ya nyuzi 82, jua hupotea kwa miezi kadhaa mfululizo. Mtu wa huko hawezi kuipa saa ya kwanza ya asubuhi mahali pake palepale kila siku, maana asubuhi yenyewe inahama. Aliyeelewa hilo ameelewa mwinamo wa mhimili wa dunia, na hatahitaji kukariri kwamba Kanada ina misimu minne na sisi tuna kiangazi na masika. Ataweza kusema ni kwa nini.

Sasa tuje kwenye mvua, ambapo mambo huwashangaza hata watu wazima. Simiyu hupata kwa wastani kati ya milimita 600 na 900 kwa mwaka, na sote tunajua kilio cha ukame wa Meatu. Jiji la Saskatoon, katikati ya jimbo la Saskatchewan linalosifika duniani kwa ngano, hupata takriban milimita 350, ukijumlisha mvua na theluji. Ni nusu ya mvua yetu, pengine pungufu ya hapo. Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba ngano hulimwa Kanada kwa sababu ya mvua ya kutosha amedanganywa. Maelezo ya kweli yako kwenye joto. Jua la Simiyu hunyonya maji kutoka ardhini na kwenye majani mwaka mzima, na kiasi kikubwa cha mvua yetu hurudi angani kabla mmea haujakitumia. Kule, ardhi hulala chini ya theluji kwa miezi mitano hivi, unyevu haupotei sana, na theluji inapoyeyuka udongo huanza msimu ukiwa umelowa. Mkulima hupanda Mei na kuvuna Agosti au Septemba, akikimbizana na jalidi, kwa kuwa siku zisizo na jalidi ni 100 na ushee tu. Mwezi huohuo wa Mei anapopanda yeye, mkulima wa Itilima anachuma pamba. Pamba haiwezi kulimwa Saskatchewan kwa kuwa inataka miezi mitano hadi sita ya joto bila kukatizwa. Ndiyo maana Charles Saunders, mtafiti wa serikali ya Kanada, alipoichagua mbegu ya ngano iitwayo Marquis mwanzoni mwa karne ya 20, sifa kubwa ya mbegu hiyo ilikuwa kukomaa siku kadhaa mapema kuliko zilizotangulia. Siku hizo chache zilitosha kusukuma mpaka wa kilimo upande wa kaskazini. Kwa mkulima wa Simiyu anayetafuta mbegu ya mtama au mahindi itakayowahi kabla mvua haijakatika, habari hii si ngeni hata kidogo: adui wa mmoja ni ukame na wa mwingine ni baridi, ila mbio ni zilezile.

Udongo unatoa somo gumu zaidi, na hapa mwalimu inabidi awe mwangalifu. Prairi zina udongo mweusi. Simiyu nayo ina udongo mweusi, ule wa mbuga, unaonata miguuni wakati wa masika na kupasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi. Kufanana kwa rangi ni mtego. Weusi wa Prairi umetokana na mizizi ya majani iliyokufa na kulundikana kwa maelfu ya miaka katika ardhi ambayo baridi yake huchelewesha kuoza. Weusi wa mbuga zetu hautokani na wingi wa mboji. Ni tabia ya mfinyanzi wake wenyewe, ulioteremka na kujikusanya bondeni, unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Mkulima wa Kisukuma hajawahi kuuchanganya udongo huo na luseni, mchanga wa juu mlimani, wala na itogolo, ule mgumu wa mteremkoni. Yeye huzisoma aina hizo kwa mfuatano, kutoka kilimani hadi bondeni, na kila moja ina zao lake. Mwaka 1935 mwanasayansi wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani kwenye milima ya Usambara, aliingiza katika sayansi dhana ya katena, yaani mnyororo wa aina za udongo unaojirudia kutoka kilele hadi bonde. Dhana hiyo aliijenga kwa kuitazama Afrika Mashariki, na leo inafundishwa vyuo vikuu duniani kote, vya Kanada vikiwemo. Mwanafunzi wa Bariadi ana haki ya kujua hili anapofungua sura ya udongo, kwamba ardhi ya aina anayoilima baba yake ilisaidia kuufundisha ulimwengu.

Tukichimba chini ya udongo, nchi hizi mbili zinakutana kwa namna ambayo haihitaji kulazimishwa. Sehemu kubwa ya Kanada imekaa juu ya mwamba wa kale uitwao Ngao ya Kanada, na kiini chake kina umri unaopita miaka bilioni 2.5. Simiyu, Shinyanga, Geita na Mwanza zimekaa juu ya mwamba wa kale wa rika hilohilo, ambao wanajiolojia huuita kratoni ya Tanzania. Granaiti zinazobenuka katika nchi ya Wasukuma na granaiti za Ontario zimetokana na enzi moja ya dunia, na kwenye miamba ya aina hiyo, huku na kule, ndiko dhahabu hupatikana katika mikanda ya mawe ya kijani. Kwa hiyo haikuwa bahati nasibu kwamba mwaka 1940 almasi za Mwadui, katika wilaya ya leo ya Kishapu inayopakana na mkoa wetu, ziligunduliwa na Mkanada. John Williamson alizaliwa mwaka 1907 Montfort, Quebec, kwenye vilima vya Laurentides ambavyo ni sehemu ya Ngao hiyo, akasomea jiolojia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal. Mdomo wa mwamba wa kimberlaiti alioupata Mwadui, wa hekta 146, ni miongoni mwa mikubwa kabisa inayojulikana. Kimberlaiti zenye almasi hupenda miamba ya kale na minene kama hiyo, na nchi yake mwenyewe ilikuwa nayo tele. Hata hivyo Kanada haikupata kimberlaiti zake za maana hadi mwaka 1991, karibu na ziwa liitwalo Lac de Gras, katika maeneo ya Kaskazini-Magharibi, na mgodi wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1998.

Kwa nini Kanada ilichelewa nusu karne baada ya Mwadui? Jibu ni barafu, nalo linafungua sura nzima ya jiografia. Bamba la barafu lililofunika karibu Kanada yote hadi takriban miaka 10,000 iliyopita lilikwangua vilele vya miamba hiyo na kuyasukuma mawe madogo yanayoambatana na almasi kwa mamia ya kilomita. Mtafutaji akiyakuta mawe hayo hajui yametoka wapi mpaka aurudie mwendo wa barafu, kinyume na uelekeo wake, hatua kwa hatua. Hivyo ndivyo wagunduzi wa Lac de Gras walivyofanya kwa miaka. Simiyu haikupitiwa na barafu hiyo. Hapa kilichofanya kazi ni joto na maji, vikiozesha mwamba palepale ulipo kwa mamilioni ya miaka. Nikeli ya vilima vya Dutwa, wilayani Bariadi, ni zao la uozaji huo. Nikeli ya Sudbury, Ontario, ilikuja kwa njia nyingine kabisa: kimondo kikubwa kilichoipiga dunia miaka bilioni 1.85 iliyopita. Madini ni yaleyale, na mwanafunzi anayejua kwa nini njia zilikuwa mbili anajua tofauti kati ya tabianchi ya joto na historia ya anga.

Ziwa nalo lisisahaulike. Ziwa Superior lina kilomita za mraba 82,100 na Victoria lina 68,800, kwa hiyo letu ni la pili kwa eneo kati ya maziwa ya maji baridi duniani. Lakini kina cha wastani cha Superior ni mita 147, na cha Victoria ni 40 tu. La kwanza lilichimbwa na barafu. La pili lilitokea pale ardhi ya magharibi ilipoinuka na kuzuia mito. Takriban miaka 15,000 iliyopita, wakati bonde la Superior lilikuwa bado limefunikwa na barafu, Victoria lilikuwa limekauka kabisa. Mwanafunzi wa Busega akilisikia hilo, mjadala wa mabadiliko ya tabianchi hauwi tena wimbo wa semina.

Upo upinzani wa haki dhidi ya haya yote, nao ni kwamba ulinganisho hupotosha. Nchi mbili zikiwekwa bega kwa bega, zile tofauti zinazouma huyeyuka, na mwanafunzi huondoka akidhani Simiyu ni Kanada iliyokosa theluji na pesa. Nakubali kwamba hatari hiyo ipo, na Tanzania iliilipia gharama. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, shirika letu la kilimo na chakula, NAFCO, lilianzisha mashamba ya ngano katika tambarare za Basotu, wilayani Hanang. Yalifikia saba, yenye takriban ekari 100,000 kwa jumla, yakilimwa kwa matrekta makubwa na kuvunwa kwa mashine kama zile za Saskatchewan. Kwa mtu aliyetazama uwazi wa nchi ile, hali ya hewa na udongo, ilikuwa Prairi nyingine. Wabarabaig waliokuwa wakichunga pale waliijua vingine. Kwao tambarare hizo zilikuwa sehemu ya mzunguko wa malisho wa mwaka mzima, na kuziondoa katika mzunguko huo kulivuruga sehemu zote zilizobaki. Katika miaka ya 1980 wanakijiji wa Mulbadaw walilipeleka shauri mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, Mahakama ya Rufani ikautengua. Kanada ilijiondoa katika mradi huo katika miaka ya 1990.

Hata hivyo, kosa la Hanang lilitokana na ulinganisho ulioachwa njiani. Aliyeilinganisha Hanang na Saskatchewan angeendelea mbele kidogo angegundua kwamba Saskatchewan yenyewe haikuwa tupu. Wakrii, Blackfoot na Assiniboine waliishi kwenye nyanda zile kwa kufuata makundi ya nyati wa huko, kwa mpango wa mwaka mzima kama wa mfugaji. Nyati hao walifyekwa hadi karibu kwisha kufikia miaka ya 1880. Mikataba iliyoanza kutiwa saini mwaka 1871 iliwasogeza wenyeji katika maeneo madogo yaliyotengwa, sheria ya ardhi ya mwaka 1872 ikawagawia walowezi ekari 160 kila mmoja, na reli ya Canadian Pacific, iliyokamilika mwaka 1885, ikawaleta kwa maelfu. Kilichotokea Basotu kilikuwa kimekwisha kutokea kule karne moja kabla. Kitabu kinachosema ngano hustawi Kanada kwa sababu kuna ardhi kubwa, tambarare na tupu kinaficha jambo hilo, na mtaalamu aliyelelewa na kitabu cha namna hiyo ataitafuta ardhi tupu popote atakapotumwa. Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba kufanana kuwe mwanzo tu wa kuuliza. Mwanafunzi aonyeshwe udongo mweusi wa pande mbili, kisha atakiwe kuthibitisha ni wapi kufanana kunaishia.

Kuna mahali ambapo kufanana kunakwenda mbali kuliko tunavyotarajia, nako ni katika maisha ya mkulima. Saskatchewan na Usukuma ni nchi za bara, mbali na bahari, zilizotegemea zao moja la biashara, reli moja, na bei inayopangwa na watu wasiolijua shamba. Wakulima wa pande zote mbili walifikia suluhisho moja. Mwaka 1924 wale wa Saskatchewan waliunda ushirika wao mkubwa wa ngano, Saskatchewan Wheat Pool, ili wasiendelee kupunjwa na wanunuzi na wenye maghala. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, walijenga vyama vya msingi vilivyoungana mwaka 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ushirika uliokuja kuhesabiwa miongoni mwa mikubwa barani Afrika. Kutoka katika siasa zilizokomazwa na ushirika, Saskatchewan ilizaa bima ya hospitali ya umma mwaka 1947, na mfumo ule ukaenea Kanada nzima. Ushirika wa Kanda ya Ziwa ulichangia nguvu na viongozi katika harakati za uhuru. Mtoto wa mwanachama wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, anayejua mzazi wake husubiri nini kwenye mizani ya pamba, ataielewa historia hiyo ya Kanada kwa wepesi kuliko mtoto wa mjini Toronto.

Wapo watakaosema: hayo yote ni sawa, lakini watoto wetu hawaijui hata Tanzania, waanze na kwao. Naiheshimu hoja hiyo, ila nadhani inakosea kuhusu namna mtu anavyokijua cha kwao. Kitu ambacho mtu hajawahi kukiona kikiwa tofauti huwa hakiulizii. Kijana aliyekulia Bariadi haoni ajabu kwamba jua huchomoza karibu saa ileile mwaka mzima, kwamba mbuga hupasuka, kwamba ng'ombe hulala nje Desemba na Juni bila kufa kwa baridi. Ni Kanada inayomfanya ayaone. Isitoshe, Kanada ilikwisha kutufikia siku nyingi. Ilikuja na Williamson, ikaja na matrekta ya Basotu, na mwaka 1999 kampuni ya Barrick, yenye makao yake Toronto, ilichukua mgodi wa Bulyanhulu katika mkoa jirani wa Shinyanga. Leo Serikali inamiliki asilimia 16 ya Twiga Minerals pamoja na kampuni hiyo. Taifa lenye ubia wa namna hii linahitaji vijana wanaojua upande wa pili unatoka katika nchi gani, yenye mwamba gani, sheria gani za ardhi, na historia gani na wenyeji wake.

Wengine watataja vifaa. Madarasa yamejaa, atlasi ni chache, umeme haufiki kila shule. Hali ni hiyo, na hakuna mwalimu anayepaswa kulaumiwa kwa hilo. Lakini zana za somo ninalolisema ni za bei ndogo mno. Chomeka fimbo wima uwanjani, na upime kivuli chake kinapokuwa kifupi kabisa, kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana. Bariadi kivuli hicho huangukia kusini mwezi Juni na kaskazini mwezi Desemba, na karibu hupotea katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, jua linapopita utosini. Nchini Kanada, kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini kila siku ambayo jua linaonekana. Mwanafunzi aliyeshika fimbo hiyo kwa mihula miwili ameipima latitudo kwa mkono wake. Chupa ya plastiki iliyokatwa na rula vinatosha kupima mvua ya msimu na kuiweka kando ya milimita 350 za Saskatoon. Udongo wa aina tatu unapatikana kwa kutembea kutoka kilima cha shule hadi mtoni. Chaki za kuandikia matokeo zinatengenezwa Maswa. Simu ya mwalimu inaweza kuonyesha video ya theluji, na si vibaya, ila video haielezi kwa nini theluji ile inamfaa mkulima.

Lililobaki ni mtihani, na hapa walimu wana haki ya kulalamika, kwa kuwa mwalimu hupimwa kwa matokeo na mtihani ukidai orodha atafundisha orodha. Utekelezaji wa mtaala mpya ulioanza mwaka 2024, ambao katika shule za msingi umeleta somo la Jiografia na Mazingira, unasisitiza umahiri badala ya kumbukumbu. Ahadi hiyo itajulikana ukweli wake kwenye karatasi ya maswali. Mtunzi anayeuliza "Taja sababu sita zinazofanya ngano istawi Kanada" ameshaamua jinsi ambavyo mada hiyo itafundishwa katika kila shule kuanzia Lamadi hadi Mwanhuzi. Anaweza kuuliza vingine. Anaweza kumpa mtahiniwa mvua na joto la mwezi hadi mwezi la Saskatoon na la Bariadi, bila majina, na kumtaka aseme ni kituo kipi kinaweza kulima pamba, kipi kinaweza kulima ngano bila umwagiliaji, na ni taarifa gani zaidi kuhusu watu wa maeneo hayo angezihitaji kabla ya kushauri shamba la ekari 100,000 lifunguliwe. Sehemu hiyo ya mwisho ningeipa alama nyingi kuliko zote.